Imewaka, imezima: niliyojifunza kwenye pampu za vitunguu

Mashine isiyowaka kabisa unaweza kuiacha ukaenda kunywa chai. Ile inayowaka halafu ikazima ndiyo inayomaliza watu. Unavuta kamba, inanguruma, unajifuta jasho ukisema haya sasa, mara kimya. Unavuta tena, vile vile. Nimewaona watu wazima na heshima zao wakiipiga teke pampu kando ya mto. Hapa Ruaha Mbuyuni tupo bondeni, chini ya mlima Kitonga, na jua la mwezi wa kumi halina mzaha. Kitunguu kilichoanza kujaza kichwa kikikosa zamu yake ya maji kinadumaa hapo hapo, na fundi wa kweli hayupo karibu. Kumfikia ni kupakia mashine kwenye pikipiki, kulipa nauli, na kumwachia kazi hadi atakapopata nafasi.

Mimi si fundi wa kusomea. Ni mkulima wa vitunguu niliyeshika spana kwa sababu pampu yangu ilikuwa inanisumbua, kisha ya jirani, kisha za watu nisiowajua wanaoelekezwa kwangu kwa kidole. Ninayoyaeleza hapa ni ya pampu ndogo za petroli, za inchi mbili na tatu. Mwenye kijenereta cha dukani asidhani hayamhusu. Karibu injini zote ndogo tulizonazo huku zimefuata ramani moja, ya injini za GX ambazo Honda ilianza kuzitoa mwaka 1983. Baadaye Wachina wakatengeneza zao kwa ramani hiyo hiyo. Soma kibati cha pampu yako, uwezekano ni mkubwa utakuta imeandikwa 168F: 1 ni silinda moja, 68 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, na F ni injini inayopozwa kwa upepo. Pistoni inapanda na kushuka milimita 45, ndiyo maana ujazo wake unakuja sentimita za ujazo 163. Ukiona 170F, huyo ni kaka yake mwenye silinda ya milimita 70. Faida yake kwetu ni kwamba plagi (inayotoa cheche), jeti (kidude chenye katundu ka kupitishia petroli) na gasketi za kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) nyingi zinaingiliana, na ukishaizoea moja hutashangazwa na nyingine.

Kilichoniokolea muda kuliko spana yoyote ni hiki: mashine ikiwaka, hata kwa sekunde tatu, imeshakujibu maswali makubwa. Cheche ilikuwepo. Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ilikuwepo. Petroli iliingia kwenye silinda na ikaungua. Basi hakuna sababu ya kufungua kichwa cha injini, na anayekuambia ringi za pistoni zimekufa kabla hajauliza lolote anataka hela yako. Kinachotafutwa ni kitu kilichokuwepo kikakatika. Mara nyingi ni mafuta, mara chache ni hewa au njia ya moshi, mara chache zaidi ni umeme.

Kwa hiyo mtu akija, kabla sijagusa mashine naanza na maswali. Kijana mmoja alishusha pampu yake kwenye bodaboda, uso umemkunjamana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Inasumbua nini?"

"Inazima."

"Baada ya muda gani?"

"Ikishawaka tu."

"Ikishawaka ukahesabu mpaka ngapi?"

Akaangalia pembeni. Hakuna anayehesabu, kila mtu anahesabu mara alizovuta kamba. Nikamwambia tuiwashe hapo hapo, mimi nashika simu naangalia saa. Iliwaka vizuri, ikaimba, ikakaa karibu dakika nne, kisha ikaanza kupandisha na kushusha sauti, ikakohoa, ikazima. Nikamuuliza tena, hii ndiyo "ikishawaka tu"? Akacheka. Kwa mwenye haraka, dakika nne na sekunde nne zote ni "tu", lakini kwa injini ni magonjwa mawili tofauti kabisa.

Sababu yake ni kile kikombe kidogo kilicho chini ya kabureta. Kinabeba petroli ya vijiko viwili vitatu vya chakula, si zaidi. Injini ya ukubwa huu ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula kama lita 1.4 kwa saa, yaani mililita 23 hivi kwa dakika. Ikiwa imepunguzwa na haina mzigo inakula chini ya hapo. Kwa hiyo hata ukiziba kabisa njia ya mafuta kutoka kwenye tangi, mashine itawaka na kufanya kazi kwa dakika moja, mbili, au zaidi ikiwa haina mzigo, mpaka ile akiba ya kikombe iishe. Inayokaa muda huo halafu ikafa kwa kukohoa, kikombe kimekauka na hakijazwi upya. Inayokufa sekunde chache tu baada ya kuwaka, hasa pale unapofungua choki (kile kizibo cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha), mafuta yapo kwenye kikombe ila hayapandi ipasavyo kwenda kwenye injini. Na ile inayokatika ghafla kama taa iliyozimwa kwa swichi, bila kukohoa wala kulegeza sauti, hiyo nenda kwenye umeme au sensa ya oili.

Sikiliza inavyokufa. Injini inayokosa mafuta inahangaika kwanza, inapanda na kushuka. Inayozidiwa mafuta inakuwa nzito, inatoa moshi mweusi, inazama. Inayokatwa umeme haihangaiki.

Ukishapata picha hiyo, kuna jaribio moja ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote. Chini ya kikombe cha kabureta, pembeni kidogo, kuna boliti ndogo ya kumwagia mafuta, mara nyingi ya spana namba 10. Mashine ikizima tu, papo hapo, usivute kamba tena. Weka kikopo chini, fungua boliti hiyo uone kinachotoka. (Ekzosi bado ni ya moto na petroli inamwagika, kwa hiyo kikopo kiwe karibu kabisa na boliti, na mwenye sigara akae mbali. Na usifanye haya chumbani: moshi wa injini una hewa ya sumu isiyonuka, inaua.) Kikombe kikiwa kimejaa, ugonjwa uko kuanzia kwenye kabureta kwenda mbele. Kikitoka kitone kimoja au viwili, ugonjwa uko nyuma: koki, mpira, chujio, tangi, kofia, au ile sindano ya floti (boya linalofungua na kufunga mafuta yanayoingia kwenye kikombe) imenasa. Kwa boliti moja umeshaigawa mashine nusu kwa nusu, na nusu moja huna haja ya kuihangaikia.

Ya yule kijana ilitoka vitone. Tukachomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta tukaelekeza kwenye chupa. Petroli ikatiririka vizuri, mstari mnene usiokatika. Hapo wengi wangesema njia ni safi. Mimi nikaiacha iendelee. Baada ya muda mstari ukakonda, ukawa uzi, ukawa matone. Nikamwambia fungua kofia ya tangi. Alipoizungusha ikavuta pumzi, fyuuu, na ule mstari kwenye chupa ukarudi mnene kama mwanzo.

Kofia ya tangi lazima iwe na tundu la kupitisha hewa. Petroli ikishuka, hewa iingie kuchukua nafasi yake. Isipoingia, tangi linajivuta lenyewe na mafuta yanagoma kushuka. Ukisubiri kidogo hewa inajipenyeza polepole, mashine inawaka tena, inafanya kazi dakika zake, inazima. Tulipogeuza kofia tukakuta mpira wake wa asili haupo. Kuna mtu alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakiweka kwa ustadi kabisa, duara lililokaa vizuri, na likaziba tundu lote. Kazi safi sana ya mikono. Tulichoma katundu katikati kwa sindano ya moto, habari ikaisha. Wengine hufunga kofia kwa nailoni ili vumbi lisiingie wakati wa kusafirisha, halafu wanawasha bila kuifungua. Ni ugonjwa ule ule.

Kama kofia ni nzima na mstari wa mafuta ni mwembamba tangu mwanzo, angalia koki. Kwenye nyingi, chini ya koki kuna kikombe kidogo cha kuzuia uchafu, na ndani ya tangi, pale mafuta yanapotokea, kuna chujio la neti. Tangi lililoshika kutu linaziba neti hiyo kwa unga mwekundu. Mpira wa mafuta nao ukizeeka unalegea, ukikunjwa mahali unajibana.

Sasa turudi kwa mashine iliyozima na kikombe kimejaa. Usiyamwage yale mafuta ya kwenye kikopo. Yamimine kwenye chupa nyeupe ya plastiki au glasi, iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini yakionekana kama shanga zinazotembea ukiinamisha chupa. Kikombe cha kabureta kiko mahali pa chini kabisa, na jeti inanyonya karibu na chini hapo hapo, kwa hiyo maji kidogo sana yanatosha kuzima injini ambayo tangi lake limejaa petroli nzuri. Huku mashambani tunanunua petroli kwenye chupa za maji ya kunywa zilizopangwa barabarani. Hatuna njia nyingine, kituo kiko mbali na bodaboda haibebi dumu bure. Chupa iliyosuuzwa na kujazwa kabla haijakauka inatosha kukuletea balaa. Mimi chupa nikinunua naiinua juani kwanza, naizungusha taratibu, naangalia kitako chake. Muuzaji akikasirika namsalimia naenda kwa mwenzake.

Kuna na ile ya kuchanganywa mafuta ya taa. Ilishamiri sana zamani, mafuta ya taa yalipokuwa na bei ya chini kuliko petroli, hadi mwaka 2011 serikali ilipopandisha ushuru wake ili kuua biashara ya uchakachuaji. Siku hizi siikuti mara nyingi. Ukiwa na shaka, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uliache kivulini. Petroli inaruka yote na karatasi inabaki kavu. Mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta. Petroli yenyewe nayo inachacha. Ikikaa kwenye mashine zaidi ya mwezi mmoja hivi inaanza kupoteza nguvu, na ikikauka ndani ya kabureta inaacha utomvu wa kahawia unaonata. Pampu zetu zinafanya kazi kiangazi, kisha mvua zikianza zinasukumwa stoo na petroli tumboni. Ndiyo maana kila mwanzo wa msimu napata wageni.

Utomvu huo unapenda kukaa kwenye jeti. Dalili yake huwezi kuikosa: mashine inawaka ukiwa umefunga choki, inakaa vizuri, lakini kila ukifungua choki inakufa. Choki inapunguza hewa, kwa hiyo hata mafuta machache yanayopenya kwenye jeti iliyoziba yanatosha. Ukiiondoa, hewa inazidi, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inazima. Kuna watu wanamaliza msimu mzima wakimwagilia na choki imefungwa nusu, wakisema ndivyo ilivyozoea. Haijazoea, inaungua kwa njaa ya mafuta.

Kuosha kabureta hakuhitaji shule, kunahitaji utulivu na sahani. Naitaja sahani makusudi: kila unachokitoa kiweke kwenye sahani nyeupe, maana pini ya floti ikidondoka kwenye mchanga wa Ruaha hutaiona tena. Funga koki. Fungua boliti ya chini inayoshika kikombe, kishushe. Utaona floti ya plastiki. Chomoa pini yake, inatoka pamoja na sindano yake ndogo yenye ncha. Ncha ikiwa na mkwaruzo wa mduara, sindano haizibi tena vizuri na mafuta yanafurika. Katikati kuna mnara, na ndani ya mnara kuna jeti kuu ya shaba nyeupe au ya njano. Hii inafunguliwa kwa bisibisi bapa inayojaza mfereji wake wote. Bisibisi nyembamba inachana shaba na ukishaichana umejitafutia kazi nyingine.

Ukishatoa jeti, geuza kabureta uigonge taratibu kwenye kiganja. Kitadondoka kibomba chembamba chenye vitundu vidogo ubavuni. Wengi hawajui kama kipo. Wanaosha jeti, wanarudisha, mashine inaendelea kuzima, wanasema kabureta imekufa. Vile vitundu vya ubavuni vinachanganya hewa na petroli kabla haijapanda, na vikiziba jeti safi haisaidii.

Jeti inyanyue juu, iangalie dhidi ya anga. Tundu lake halifiki milimita moja. Likiwa safi unaona duara kamili la mwanga, lenye ukingo mkali. Likiwa na utomvu unaona mwanga wenye pembe, au mwezi mwembamba pembeni, au huoni kitu. Usichukue waya wa chuma. Chuna waya wa taa, toa uzi mmoja wa shaba, upitishe ukiuzungusha kwa vidole, halafu puliza kwa pampu ya baiskeli. Petroli safi kidogo kwenye kikopo inatosha kulowekea. Angalia tena angani.

Jeti ya pili ndiyo inayosahaulika na ndiyo inayohusika zaidi pale mashine inapokataa kushika sailensi, yaani kunguruma polepole ikiwa imepunguzwa. Kwenye hizi za ramani ya GX inakaa juu ya kabureta, chini ya ile skrubu ya kurekebisha sailensi: toa skrubu na springi yake, chini yake kuna kidude cha plastiki kinachochomoka ukikiinua kwa ncha ya bisibisi. Tundu lake ni kama nusu ya lile la jeti kuu, kwa hiyo huziba la kwanza. Kabla hujatoa skrubu, ikaze mpaka mwisho ukihesabu mizunguko, ili urudishe ilipokuwa.

Mashine zinazozidiwa mafuta nazo zipo. Huku kwenye joto, injini haihitaji choki muda mrefu. Kitabu kinachokuja na pampu kinaeleza choki kwa mtu aliye kwenye baridi. Hapa saa nne asubuhi chuma chenyewe kimeshapata moto. Ukiacha choki imefungwa inavuta petroli tupu, moshi mweusi, plagi inalowa, inazima. Chomoa plagi uisome. Iliyolowa na kunuka petroli imezidiwa. Yenye masizi meusi makavu, mchanganyiko ni mzito kwa muda mrefu. Yenye rangi ya kahawia iliyopauka, hiyo ni nzima. Nyeupe kama chokaa, injini inakosa mafuta, rudi kwenye jeti. Nafasi ya ncha zake iwe milimita 0.7 hadi 0.8, pana kidogo kuliko unene wa blade ya msumeno wa chuma.

Chujio la hewa linahusika hapa pia, na mara nyingi tatizo linatokana na usafiri. Pampu inafungwa kwenye bodaboda ikiwa imelala ubavu, oili inapita njia ya kupumulia inaingia kwenye sponji. Ikifika shambani inawaka, inafuka moshi, inazima. Nilishaona kabureta inafunguliwa mara kadhaa kwa kosa la sponji. Jaribio lake ni jepesi: toa chujio, washa kwa muda mfupi tu. Ikitulia, sponji ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabisa. Usimwagilie bila chujio, mchanga wa mtoni unakwangua silinda upesi mno. Shemeji yangu alipandisha pampu yake Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, naye akalalamika moshi na kuzima ingawa chujio lilikuwa safi. Kule hewa ni nyepesi, jeti iliyokuwa sawa bondeni inakuwa inamwaga mafuta. Kwa injini hizi watengenezaji wanashauri kabureta irekebishwe ukivuka mita 1,500, na hata ukiirekebisha, kila mita 300 unazopanda zinakula kama asilimia 3.5 ya nguvu. Hilo alilimezea.

Za kukatika ghafla, naanza na mahali pampu iliposimama. Injini nyingi za aina hii zina sensa ya oili ndani ya tumbo: oili ikipungua, inakata cheche ili injini isijiue. Pampu zetu tunaziweka kwenye kingo za mto, na kingo za mto zina mteremko. Mama mmoja alileta pampu inayozima kila siku shambani kwake, na kwangu kwenye sakafu ikafanya kazi mpaka mafuta yakaisha. Akarudi nayo, ikazima. Nilikwenda kuiangalia ilipowekwa. Ilikuwa imeinama kiasi cha kukaribia kumwaga petroli. Tulichimba kisahani, tukaiweka bapa, tukaongeza oili mpaka ukingo wa tundu la kujazia, ikatulia. Injini hii inabeba kama lita 0.6 tu za oili, kwa hiyo kupungua kidogo ni kupungua kwingi. Na angalia hili: ikiwa haijawaka oili imetulia chini, sensa inaridhika, injini ikianza kuzunguka oili inarushwa juu, kimo kinashuka, sensa inakata. Ndiyo maana inawaka kwanza. Kuna mafundi wanaochomoa ule waya wa njano wa sensa na kuuacha hivyo. Kuuchomoa kwa dakika moja ili kujua mwizi ni nani, sawa. Kuuacha, utanunua injini.

Kama oili iko sawa na imekaa bapa, chomoa waya mweusi unaotoka kwenye koili (inayozalisha umeme wa cheche) kwenda kwenye swichi. Ikiacha kuzima, swichi au waya uliochubuka ndio unaogusa bodi. Utaizima kwa kufunga choki au koki. Ikiendelea kuzima, na hasa ikizima ikishapata moto kisha ikakubali tena baada ya kupoa, angalia cheche wakati ule ule imezima, plagi ikigusa bodi mbali na tundu lake. Hakuna cheche kwenye moto na ipo kwenye baridi, koili imechoka. Hiyo haifufuliwi, nunua nyingine. Ikiwa cheche ipo ila kamba imekuwa laini mkononi, vali zimebana: nafasi yake injini ikiwa baridi ni milimita 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutoa. Bila fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, usiguse hapo.

Ekzosi sikuitegemea mpaka nilipoona kwa macho. Pampu iliyokaa stoo masika yote, inawaka, inapumua kwa shida, inazima, kila kitu safi. Ilipokuwa inajitahidi niliweka mkono mbele ya ekzosi, mbali kidogo, nisisikie upepo wowote. Tulipoifungua tukakuta nyigu, wale wanaojenga vijumba vya udongo, wamejenga kitongoji humo ndani. Udongo mkavu mgumu, na vibuibui vyao walivyoweka akiba. Tangu hapo pampu ikienda stoo naifunga mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, kitambaa chekundu chenye mkia mrefu ili nisisahau kukitoa.

Na mwisho kabisa jiulize kama inazima peke yake au inazima maji yanapopanda. Kijana mwingine alikuja na pampu na kabureta mpya mkononi, ameshaibadilisha na bado. Nikauliza inazima lini. Akasema, mjomba, ikiwa kavu inaimba, maji yakifika tu inakaba. Chujio la mpira wa kunyonyea lilishapotea siku nyingi. Walikuwa wamefunga neti ya gunia la vitunguu, nayo ilikuwa imechanika. Tulitoa boliti za ganda la pampu tukakuta kipande cha kandambili kimejibana pembeni ya feni. Maji yakikisukuma kinakaza, yakipungua kinalegea. Injini haikuwa na kosa lolote. Ile kabureta mpya tuliitoa tukarudisha ya zamani, na mpya ameiweka akiba nyumbani kwenye boksi lake.